Bibi yenu hakuwa "tu nyumbani": jinsi nilivyoandika wasifu wa jaja wetu

Dada, pole sana kwa msiba. Umesema wajomba wamekupa kazi ya kuandika wasifu wa jaja (bibi) yenu usomwe kabla ya kuzika, umeshaandika "mcha Mungu, mkarimu, aliipenda familia yake" alafu umekwama, kwa sababu hakusoma, hakuajiriwa popote, "alikuwa tu nyumbani". Mimi ndiye niliandika wa jaja wetu wa Walukuba, Jinja, huku Uganda, na hilo neno "tu" nakuomba ulifute kabla hujaendelea.

Mcha Mungu na mkarimu kila marehemu anapewa bana. Hata mzee aliyekuwa anawakimbiza watoto wake na panga, siku ya kumzika utasikia eti alikuwa mtu wa watu. Ukitaka watu wamuone jaja wenu mwenyewe, fuata pesa na chakula. Jiulize hao watu wote waliopita kwenye ile nyumba walikula nini, na ilitoka wapi.

Jaja wetu alikuwa Msamia wa Busia, babu Mlugbara, walikutana Jinja bwawa la Owen Falls likiwa limeshafunguliwa, lile la 1954, viwanda vinaita watu kutoka kila kona. Zile nyumba za Walukuba kila mlango ulikuwa na kabila lake, kwa hiyo sisi mpaka leo nyumbani ni Kiswahili. Babu alikuwa fundi kwenye kiwanda cha nguo na mwanzoni mshahara ulitosha kabisa. Alafu ikaja miaka ya magendo, Wahindi wameshafukuzwa 1972, maduka hayana kitu, sukari na sabuni na chumvi ni vitu vya kupanga foleni tangu alfajiri (na Kakira kwenye miwa yote ile iko hapo hapo karibu na Jinja, we fikiria), mshahara wa babu ukawa unaisha kabla hajafika nyumbani. Ndipo jaja akaanza kuuza mukene, wale dagaa wa ziwani.

Alikuwa anashuka Masese, kule ziwani, asubuhi na mapema kununua kwa wale wanaoanika. Nilikuwa nambebea ndoo, kwa hiyo hii niliiona kwa macho: anachota mukene kiganjani, anafunga viganja viwili, anasugua taratibu karibu na sikio. Ukianikwa chini kwenye udongo unabeba mchanga, na mchanga unausikia. Akisikia kitu anamwaga, anahamia kwa mwingine bila kusema neno, na muuzaji anajua. Sokoni watu walikuwa wanapita meza tatu nne kumfikia yeye kwa sababu wa kwake hausagi meno. Jioni ni kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, anaponda ndizi zilizoiva mpaka zinatoa maji, anatia unga wa muhogo kidogo kidogo, anakanda, anakata na mdomo wa mkebe, na sisi watoto tulikuwa tunapewa zile pembe zilizobaki baada ya kukata, sio zile duara, duara ni za kuuza! Tulilia lakini hakuna aliyelala njaa.

Hizo ndizo niliandika. Shangazi mkubwa aliposoma akasema mbona unamwandika mama kama mchuuzi, andika alikuwa mwanamke wa sala. Nikamwambia na sala ipo, iko ukurasa wa pili.

Pesa sasa. Jaja alikuwa anaweka akiba kwenye debe kwa ajili ya ada ya huyo huyo shangazi, aliyekuwa anataka unesi. Mwezi wa tano 1987 serikali ikabadilisha pesa, shilingi mia za zamani zikawa moja mpya, na juu ya hapo wakakata asilimia 30. Waliokuwa na noti ndani ya nyumba wanajua ile wiki. Babu alikaa kwenye kiti siku nzima. Jaja alienda kubadilisha zilizobaki, akapitia dukani, akarudi na mabati mawili kichwani. Kuanzia hapo noti haikulala tena kwake, ikiingia inakuwa bati au mbuzi. Mabati yalikaa chini ya kitanda miaka, ukigeuka usiku yanagonga. Shangazi alipohitaji ada yakauzwa machache, akasoma unesi, mengine ndiyo yaliezeka nyumba ya kule Busia ambako tulimzika. Siku ya kuzika iliposomwa hiyo sehemu ya mabati, watu wote wakainua macho kuangalia paa. Nafikiri hapo ndipo hata wageni walielewa ni nani anazikwa.

Kisha ikaja silimu, yaani UKIMWI. Hapa sitaandika mengi. Kila nyumba ya Uganda ya umri wetu inajua, na majaja ndio walibaki na watoto. Yeye alizika wanawe, akiwemo baba yangu, akabaki na wajukuu chumba kimoja na sebule, na babu naye akafariki kati kati ya hayo yote. UPE, ile elimu ya msingi bila ada, ilipoanza 1997 mwanzoni ilikuwa watoto wanne kwa kila familia, na sisi tulikuwa tumezidi. Wengine mtaani walichagua nani asome nani abaki. Jaja alivaa gomesi, lile gauni la heshima la wanawake, yake ile moja ya harusi na misiba, akatupanga mstari, akatupeleka kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, akamwambia, "Hii si familia moja mwenyekiti, hizi ni familia tatu zinalala kwa mwanamke mmoja, tuandikie barua tatu." Mzee akacheka mpaka akakohoa, akaandika. Tukaingia wote.

Kitu kingine watakachokukatalia ni kuandika ukali wake, na mimi naona uandike. Jaja wetu alikuwa na kinyongo cha hatari. Kuna mke wa mjomba mmoja, jaja alimnunia miaka mingi kwa sababu ya maneno yaliyosemwa kwenye msiba, akija anampikia, anampakulia vizuri, lakini hamsemeshi, anatuma mtoto, "mwambie mama yako chumvi iko pale." Na huyo ndiye alimwogesha jaja miezi ya mwisho alipokuwa hawezi kuamka. Nilimuuliza kama niyaandike hayo, akasema andika yote, na ongeza kwamba siku moja alinishika mkono akaniita mwanangu. Ningeacha ule mnuno nje, hilo la mkono lisingekuwa na maana kwa yeyote.

Sasa wewe una siku chache, kwa hiyo usianzie kwa wajomba. Wanaume watakupa tarehe na ukoo, nazo unazihitaji, lakini ni za aya moja. Nenda kwa wanawake wa sokoni au wa kanisani au msikitini aliokaa nao, nenda kwa jirani wa ukuta kwa ukuta, muulize mtu aliyewahi kulelewa pale na si ndugu, maana kila jaja wa hivyo ana mtoto wa watu aliyemsomesha kimya kimya. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, watakuambia mkarimu tutarudi pale pale. Uliza mara ya mwisho alikukatalia nini. Uliza alikukopesha nini hukurudisha. Hapo wanacheka, na wakishacheka wanaongea.

Halafu majina ya watoto. Hapa ndipo ugomvi unatokea, nimeona watu wanakunjiana mashati kwa sababu ya tangazo la redio tu. Panga kwa umri na uwaweke wote, waliotangulia na yule wa nje ambaye kila mtu anajua, na umwonyeshe mkubwa wa ukoo usiku kabla haijachapwa ili asubuhi asijifanye hajui. Weka kurasa mbili, zisizidi, maana kwenye ratiba kuna LC, kuna mheshimiwa ambaye lazima atachelewa na lazima ataongea, na wa kukatwa muda siku zote ni wa familia. Na usisome mwenyewe kama unalia haraka. Kwetu alisoma shemeji, mtu mkavu kabisa, alishindwa pale kwenye barua tatu ikabidi mwenyekiti mwenyewe, amezeeka sasa, amalizie hiyo sehemu.