Msiihukumu Mota Kabla ya Matairi

Barua nyingi mlizoniandikia safari hii zinahusu magari ya umeme yanayotetemeka, kurukaruka au kugonga. Nimechagua nne. Msimamo wangu niuseme mapema: katika gari la umeme, mota ndiyo kitu cha mwisho kushukiwa, na fundi anayeanza nayo atakumalizia pesa bure. Gereji yangu iko Changamwe, Mombasa, jirani na bandari, na mengi ya magari haya hunifikia yakiwa bado na stika za mnada wa Japani kwenye kioo. Najua yanavyofika, na najua yanavyouzwa.

*Shikamoo fundi. Nina Nissan Leaf ya mwaka 2018, betri ya kilowati-saa 40, niliyoiagiza kutoka Japani mwaka jana. Mjini inakwenda vizuri. Nikiingia barabara kuu na kufika kilomita 90 kwa saa, usukani unaanza kucheza, na kwenye 100 hata kiti kinatikisika. Gereji ya kwanza imesema beringi za mota zimekwisha, nitafute mota ya mtumba. Ya pili imesema ni bushi. Bushi nimebadilisha, hali ni ileile. Na mkopo wa gari bado nalipa. Nifanyeje?*
*— Mwalimu, Kitengela*

Marahaba, mwalimu. Mota usinunue. Nakuomba kabisa, usinunue.

Tufanye hesabu pamoja. Tairi la gari lako, kama bado ni 205/55 R16, lina mzingo wa karibu mita 2. Kwenye kilomita 100 kwa saa gari linakwenda mita 27.8 kila sekunde, basi kila gurudumu linazunguka kama mara 14 kwa sekunde. Kati ya mota na magurudumu kuna giaboksi ya gia moja tu, inayopunguza mizunguko kwa karibu 8.2. Kwa hiyo gurudumu likizunguka mara 14, mota imeshazunguka mara 115. Kitu kinachotikisika mara 14 kwa sekunde mkono unakihisi na jicho linakiona: usukani unacheza. Kinachotikisika mara 115 kwa sekunde huwezi kukiona, unakisikia kama mvumo. Beringi ya mota ikifa, gari huimba, na sauti hiyo hupanda kadiri unavyoongeza mwendo. Wewe hukuniandikia habari ya sauti hata mara moja. Umeniandikia usukani na kiti. Chanzo chako kinazunguka kwa kasi ya gurudumu.

Kuna jaribio moja la kulithibitisha hilo. Tafuta barabara iliyonyooka, asubuhi ya Jumapili, pasipo na gari nyuma yako. Fika mwendo unaotetemesha, kisha weka gia ya N, yaani nyutro. Gari usilizime. Usukani na breki vitabaki na nguvu zake, ila ule mvuto wa mota unaopunguza mwendo hautakuwepo, basi uwe na nafasi ya kutosha mbele. Mtetemo ukiendelea vilevile, kosa liko kwenye magurudumu. Ukikatika papo hapo, kosa liko kwenye shafti inayopeleka nguvu ya mota gurudumuni, au kwenye mauntingi zinazoishikilia mota. Mafundi waliozoea magari ya petroli huachia pedali tu na kusema wamejaribu. Katika gari la umeme hilo halitoshi, kwa sababu ukiachia pedali mota inageuka jenereta na shafti inabebeshwa mzigo upande wa pili. Ni N peke yake inayoipumzisha.

Nina hakika kubwa kwamba utakuta ni magurudumu, na la kwanza kukagua ni matairi. Magari haya hukaa muda mrefu kwenye yadi za Japani, kisha melini, kisha bandarini hapa Kilindini, yamesimama mahali pamoja. Tairi likibeba uzito sehemu moja kwa muda mrefu, na hasa likiwa limepungua upepo, hufanya ubapa. Ubapa mdogo hupotea tairi likishapata moto barabarani. Ubapa uliokomaa haupotei, na mashine ya balansi, inayopima kama uzito wa gurudumu umelingana pande zote, inaweza isiuone: uzito utasoma sawa, kumbe umbo si duara.

Tazama ubavuni mwa kila tairi, kwenye herufi DOT, tarakimu nne za mwisho. Ikiandikwa 2317, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Ukikuta tairi lina umri mkubwa kuliko gari lenyewe, hapo huna haja ya kuniuliza zaidi. Kisha inua gurudumu moja moja kwa jeki, ukiiweka kwenye ukingo wa bodi ulioandaliwa kwa jeki na kamwe si chini ya betri. Betri hiyo ina uzito wa karibu kilo 300, nayo ndiyo sakafu yako. Weka kijiti imara karibu na uso wa tairi, zungusha taratibu kwa mkono, uangalie nafasi iliyopo kati yake na tairi. Ikifunguka na kufunga kwa zaidi ya milimita 1 na nusu, tairi au rimu si duara.

Hukuniambia kama umebadilisha rimu. Vijana wengi wakinunua Leaf kitu cha kwanza ni rimu za michezo. Tundu la katikati la rimu ya Nissan hukaa juu ya habu, kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa, ya milimita 66.1. Rimu nyingi za madukani zimetobolewa 73.1 ili zienee magari mengi. Bila ile pete ya kuziba nafasi inayobaki, rimu inashikiliwa na nati pekee, na fundi akikaza nati ya kwanza hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine, gurudumu linakaa pembeni kidogo ya kitovu. Utafanya balansi mpaka uchoke. Kwenye mashine gurudumu liko sawa, kwenye gari haliko sawa. Pete nne za plastiki au alumini ni bei ya chakula cha mchana.

Usije ukajilaumu kwamba gari lako la zamani halikuwa hivi. Huenda lilikuwa hivi, ila injini ilitetemeka yenyewe muda wote ikalificha. Leaf iko kimya, basi kila kasoro ya tairi inakufikia ilivyo. Na matairi yenyewe yana kazi: gari la karibu tani moja na nusu, na mota inayotoa nguvu ya msokoto ya nyutoni-mita 320 tangu gari linapong'oa. Tairi chovu lililodumu kwenye gari la petroli hapa halidumu.

*Dada fundi, salaam kutoka Minneapolis. Nabeba abiria kwa gari kubwa la umeme lenye mota mbele na nyuma, na springi za hewa. Nikiongeza mwendo kwa nguvu, kati ya maili 25 na 50 kwa saa, mbele panatikisika kushoto na kulia. Nikiachia, kimya. Wakati wa theluji huliinua gari juu, na hapo ndipo balaa huzidi. Nimeweka matairi mapya na kufanya balansi. Kituo cha huduma kimeniambia hakuna tatizo. Abiria wananiuliza kama gari ni zima.*
*— Dereva, Minnesota*

Kaka yangu, jibu umeliandika mwenyewe, kwenye sentensi ya theluji.

Kila shafti ya mbele ina sivijointi mbili, viungo vinavyoiwezesha kuzunguka hata ikiwa imeinama. Ya nje iko gurudumuni, ya ndani iko kwenye giaboksi. Ile ya ndani kwa kawaida ina miguu mitatu yenye rola, na kila rola inatembea ndani ya mfereji wake. Shafti ikiwa imenyooka, rola hutulia. Shafti ikiinama, kila rola lazima iende na kurudi katika kila mzunguko, tena ikiwa imebanwa na nguvu ya mota. Msuguano huo unaisukuma shafti ubavuni mara tatu kwa kila mzunguko. Kwenye maili 40 kwa saa, gurudumu kubwa kama lako linazunguka kama mara 8 kwa sekunde, hivyo misukumo ni zaidi ya 20 kila sekunde, kushoto na kulia. Ndicho unachokihisi. Unapoliinua gari, shafti inainama zaidi, na unapokanyaga, rola zinabanwa zaidi. Vikikutana viwili hivyo, mfereji huanza kulika, na ukishalika mtetemo hauondoki tena wenyewe. Magari mazito ya umeme yenye springi za hewa yanajulikana kwa ugonjwa huu.

Lishushe gari hadi kimo cha chini kabisa kinachoruhusiwa, rudia kuongeza mwendo palepale, kwa nguvu ileile. Likitulia au likipungua sana, mshitakiwa umempata. Halafu usirudi kituoni kusema tu “linatetemeka”. Mchukue fundi wao kwenye gari, ukaribishe macho yake: gari juu, kanyaga, gari chini, kanyaga. Mwambie aandike kwenye karatasi ya kazi kwamba hutikisika kulia na kushoto likiongeza mwendo, huacha ukiachia, hupungua likishushwa. Mwombe akague sivijointi za ndani za shafti za mbele. Karatasi hiyo itunze hata wakikataa, kwa sababu dhamana ikija kuisha, utahitaji ushahidi wa tarehe uliyoripoti tatizo. Soma pia kijitabu chako vizuri: mota na betri Marekani kwa kawaida hupewa miaka 8, lakini shafti mara nyingi iko chini ya dhamana fupi ya gari zima.

Wakikuambia watatia grisi mpya, kubali kama ni bure, lakini jua kwamba mfereji uliolika hautapona kwa grisi. Kwa sasa tembea na kimo cha chini, liinue pale tu theluji inapokulazimisha, na ukiwa juu usikanyage kwa pupa. Abiria uwaambie ukweli: gari linafaa kubeba watu, lina shafti inayodai kubadilishwa. Ila ukianza kusikia mgongano wa chuma, au ukaona grisi imerushwa ndani ya rimu, mpira wa shafti umepasuka. Hapo safari isubiri.

*Fundi, hujambo? Gari langu la umeme likisimama polepole halina neno. Nikibana breki ghafla, pedali inapiga mguu na usukani unatikisika. Diski zina mwaka mmoja tu na pedi ni nene. Imekuwaje ziharibike mapema hivi?*
*— Mama wa watoto watatu, Nyali*

Sijambo, mama. Zimeharibika kwa kutotumika. Ukiendesha kwa utaratibu kama unavyosema, mota ndiyo inayokusimamisha na kurudisha umeme kwenye betri. Pedi haziigusi diski ila mwishoni kabisa. Nasi Nyali tunaishi na upepo wa chumvi usiku na mchana. Diski inashika kutu, isipokuwa mahali pedi zilipokuwa zimeikumbatia gari limeegeshwa. Hapo hubaki alama, na alama hiyo ndiyo inayokupiga mguu.

Kutu changa huondoka kwa kuzitumia breki zenyewe. Betri ikiwa imejaa kabisa haina pa kuupokea umeme, kwa hiyo breki za kawaida hufanya kazi zaidi. Siku kama hiyo, kwenye barabara tupu, simamisha gari kwa nguvu ya kadiri mara kadhaa, ukiacha nafasi ya kupoa katikati. Usipoona nafuu, diski zikapimwe na kuchongwa au kubadilishwa. Na kabla ya kulipia, fundi azitoe pini za kalipa, kile kishikio kinachozibana pedi kwenye diski, azisafishe na kuzipaka grisi ya breki. Hapa Pwani mimi hufanya hivyo kila mwaka kwa kila gari la umeme linaloingia gereji, hata kama mwenyewe hajalalamika. Pini ikikwama, pedi ya upande mmoja hubaki imegusa diski, na diski mpya nayo itaharibika vilevile.

*Shikamoo mama fundi. Gari langu la umeme linaruka sana kwenye matuta. Nimeambiwa nibadilishe springi niweke laini. Ni kweli?*
*— Kijana wa Mbagala, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Springi ziache. Zimepimwa kubeba betri, na ukiweka laini utakuwa unagonga betri yenyewe kwenye tuta. Nenda kwanza kwenye nguzo ya mlango wa dereva usome stika ya upepo. Magari ya Japani huandikwa kwa kilopaskali, na wajaza upepo wengi hukisia kwa sababu pampu zao zinasoma psi. Kilopaskali 250 ni psi 36. Nimepokea magari yaliyojazwa psi 45 na zaidi kwa kuwa “ya umeme ni mazito”, na wenyewe wakawa wanalaumu shokapu.

Pima asubuhi kabla hujatoka, tairi likiwa baridi. Ukikuta upepo uko sawa na bado linaruka, bonyeza kila pembe ya gari kwa nguvu na uachie. Lirudi mara moja na kutulia. Likiendelea kupanda na kushuka, shokapu ya pembe hiyo imekufa, na ubadilishe mbili za ekseli hiyo pamoja. Na ukinunua matairi mapya usishuke chini ya namba ya mzigo iliyoandikwa kwenye stika hiyohiyo: 91 ni kilo 615 kwa tairi, 94 ni kilo 670. Muuzaji akikuambia ni yaleyale, mwambie akusomee namba.