Karatasi za kuasili zinapobadilika katikati ya safari

Dada, umesema umedaiwa alama za vidole upya ukiwa katikati ya kuasili mtoto kutoka nchi nyingine; usivunjike moyo. Kwa wanaoasili wakiwa Marekani, alama hizo, ambazo hutumika kumchunguza mzazi, hudumu miezi 15 tu, na kesi nyingi hupita hapo. Andika tarehe ya mwisho ya kila karatasi kwenye daftari moja, uanze kuhuisha mapema.

Ila kinachoniumiza mimi ni kibali cha mtoto kutoka nchini. Septemba 2013 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali hivyo, na wazazi waliokuwa tayari na hukumu ya mahakama ya kuasili, baadhi yao wakasubiri zaidi ya miaka miwili. Tafadhali, usimwahidi mtoto tarehe ya safari mpaka kibali kiwe mkononi.