Dengi haiambukizwi kwa kulala chumba kimoja

Pole kwa kuuguza, ndugu. Umeuliza kama mgonjwa wa dengi anaweza kukuambukiza mkilala chumba kimoja, na kama diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, inamfaa. Kulala naye chumba kimoja hakuna shida. Anayesambaza ni mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, na huyu huuma mchana, kwa hiyo mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni achana nazo kabisa, zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Mpe parasetamoli kwa kipimo sahihi, na anywe maji kwa wingi. Dawa ya kuua virusi vyenyewe haijapatikana. Homa ikishuka ndipo mzidishe macho! Tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo au fizi zikitoa damu, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.