Maswali ya Wasomaji: Ukoo wa Koirala na Uwaziri Mkuu wa Nepal

SWALI: Mhariri, salaam. Nimesikia kwamba Nepal imewahi kuongozwa na mawaziri wakuu wanne wa ukoo mmoja wa Koirala. Kwa kuwa nchi hiyo ilikuwa na mfalme hadi miaka ya karibuni, je, huo nao haukuwa ufalme wa pili? Na aliyeuanzisha ni nani hasa?

Msomaji wenu wa siku nyingi

JIBU: Ndugu msomaji, hesabu yako ni sahihi. Wa kwanza kushika wadhifa huo alikuwa Matrika Prasad Koirala, mwaka 1951, lakini yeye aliteuliwa na mfalme. Wa kwanza kuchaguliwa na wananchi alikuwa mdogo wake wa baba mmoja, Bishweshwar Prasad, ambaye Wanepali humwita B. P. tu, na jina la ukoo limepata uzito wake hasa kupitia kwake.

Habari yao inaanza kwa baba yao, Krishna Prasad Koirala, mfanyabiashara wa Biratnagar. Wakati huo Nepal ilitawaliwa na ukoo wa Rana, uliorithishana uwaziri mkuu tangu 1846 na kumwacha mfalme akiwa pambo la ikulu. Inasimuliwa kwamba Krishna Prasad alimpelekea mtawala Chandra Shumsher furushi la matambara yanayovaliwa na maskini, ili ajionee hali ya raia wake. Malipo yake yalikuwa kufukuzwa nchini, na B. P., aliyezaliwa katika mji wa Varanasi nchini India mwaka 1914, akakulia ugenini.

Huko India alisomea sheria, akafungwa na Waingereza kwa kupigania uhuru wa Wahindi, na mwaka 1947 akawa miongoni mwa waasisi wa chama kilichokuja kuitwa Nepali Congress. Mwaka huohuo alishiriki katika mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha juti cha Biratnagar, akatiwa mbaroni. Utawala wa Rana uliporomoka mwaka 1951, na katika uchaguzi mkuu wa 1959 chama chake kikapata viti 74 kati ya 109 vya Bunge.

Alikaa madarakani miezi 18 tu. Katika muda huo serikali yake ilipitisha sheria ya kufuta birta, yaani ardhi ambayo watawala waliwagawia jamaa na wapambe wao bila kutozwa kodi, na ni dhahiri kwamba hatua hiyo haikuwafurahisha wakubwa. Tarehe 15 Desemba 1960 Mfalme Mahendra alimwondoa, akavunja Bunge na kumweka B. P. kizuizini Sundarijal, karibu na Kathmandu, kwa miaka minane bila kesi. Baada ya hapo aliishi uhamishoni India, akarejea mwaka 1976 kwa hiari yake huku akijua kwamba angekamatwa, na kweli alikamatwa. Saratani ya koo ilimuua mwaka 1982, kabla ya kuuona mfumo wa vyama vingi ukirudi mwaka 1990. Katikati ya misukosuko hiyo aliandika hadithi fupi na riwaya, na wapo wanaomhesabu kwanza kuwa mwandishi.

Mdogo wake, Girija Prasad, alikuwa waziri mkuu mara kadhaa kuanzia 1991, na mwaka 2006 alitia saini mkataba wa amani na waasi wa Kimao (wakomunisti waliofuata siasa za Mao wa China) uliomaliza vita vya miaka kumi. Ufalme ulipofutwa mwaka 2008, yeye ndiye aliyekuwa akikaimu ukuu wa nchi. Binamu yao, Sushil, aliongoza serikali kuanzia 2014, na katiba ya sasa ilitangazwa mwaka 2015 akiwa madarakani.

Je, ni ufalme? Kwa maoni yangu, jina lilianza kutumika kama mtaji wakati wa Girija, ambaye binti yake, Sujata, alipopewa unaibu waziri mkuu mwaka 2009, alisababisha manung’uniko ndani ya chama chenyewe. Kwa kizazi cha B. P., hata hivyo, urithi uliopatikana kwanza ulikuwa jela. Sushil naye, aliyefungwa India kwa sababu ya utekaji wa ndege ya Nepal mwaka 1973, alikufa bila mke wala mtoto wa kumrithisha chochote.

SWALI: Je, mwigizaji wa filamu za Kihindi, Manisha Koirala, ni wa ukoo huo?

JIBU: Naam, ni mjukuu wa B. P. Baba yake ni Prakash, mtoto wa B. P., ambaye aliingia katika baraza la mawaziri la Mfalme Gyanendra baada ya mfalme huyo kutwaa madaraka yote mwaka 2005. Wakati huo ami yake, Girija, alikuwa akiongoza upinzani dhidi ya mfalme huyohuyo, mtoto wa yule Mahendra aliyemfunga B. P.