Daftari la mgonjwa wa ICU: unamwandikia nani?

Ukianza kazi ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) utaelekezwa mashine ya kupumulia, pampu za dawa na chati, kisha mtu atakuonyesha daftari lililo kando ya kitanda, la kumwandikia mgonjwa yanayotokea ili aje ayasome akipona, na kukwambia: "Hili la mgonjwa, ukipata nafasi andika chochote." Hilo "chochote" ndilo linaloharibu madaftari mengi.

Mgonjwa aliyewekwa kwenye dawa za usingizi haamki na kumbukumbu tupu. Wengi wanaopumuliwa na mashine huweweseka, na ubongo hushona kisa kutokana na vipande unavyovipata: mkono uliofungwa kitambaa unakuwa pingu, muuguzi anayevuta makohozi anakuwa mtu anayemnyonga, kengele za mashine zinakuwa ving'ora. Mwili unapona, mtu anarudi nyumbani, na usiku bado yuko gerezani. Wengi hawasemi, wakihofia kuonekana wamerukwa na akili. Tangu 2012 matatizo haya ya mwili, fikra na hisia baada ya ICU yanajulikana kwa jina moja, PICS (kifupi cha Kiingereza cha "post-intensive care syndrome"), na ndugu wa mgonjwa nao huyapata ya kwao.

Basi unamwandikia mtu huyo, miezi kadhaa mbele, akijaribu kutenganisha kilichotokea na alichoota. Tazama sentensi hii ninayokutana nayo kila mara: "Mgonjwa ametulia, anaendelea vizuri." Haimsaidii kitu. Linganisha na hii:

"Jumanne, saa nne usiku. Umehangaika tangu jioni. Umejaribu kuuvuta mpira unaopita mdomoni kwenda kwenye njia ya hewa, na huo ndio unaokusaidia kupumua, kwa hiyo tumekufunga mikono kwa kitambaa laini. Mdogo wako amekaa kulia kwako, anakusomea meseji za wenzako wa kazini. Kengele inayolia sana usiku huu ni ya kitanda cha jirani, si yako."

Mstari wa kengele unaonekana wa kupoteza wino. Lakini huwezi kujua ni sauti gani imeingia kwenye ndoto yake, kwa hiyo andika anachoweza kukisikia, kukiona na kukihisi kutoka pale alipolala. Mwandikie "wewe", na uwaulize ndugu zake anaitwaje nyumbani. Vifupisho viache kwenye chati. Na mimi binafsi sipendi "unapambana kishujaa": mtu aliyekuwa amelazwa usingizi hakumbuki kupambana, na sifa hiyo inaweza kumwachia deni.

Ukurasa wa kwanza ueleze kwa lugha rahisi jinsi alivyofika ICU. Uandike mapema, kabla zamu hazijabadilika na kila mtu akawa na simulizi yake.

Daftari si faili la matibabu. Litasomwa na mke, mtoto, pengine jirani aliyekuja kumtazama. Majibu ya vipimo, ujauzito, mambo aliyoropoka akiweweseka: hayo hayaingii. Kwa picha fuata utaratibu wa hospitali yako. Ziwekwe kando hadi mgonjwa mwenyewe aseme anataka kuziona, na zisipigwe kamwe kwa simu yako.

Ndugu watakwambia hawajui waandike nini. Waambie waandike ya nyumbani: mtoto ameng'oka jino, timu yake imefungwa tena. Baadhi yao watalia wakiandika. Usiwanyang'anye kalamu kwa huruma.

Je, inasaidia? Utaratibu huu uliota mizizi kwa wauguzi wa Skandinavia miaka ya 1980, na utafiti uliochapishwa 2010, uliohusisha wagonjwa 352 katika nchi 6 za Ulaya, ulikuta ugonjwa wa kiwewe umejitokeza kwa 5% ya waliopewa daftari mapema na 13% ya waliokuwa bado hawajapewa. Kisha 2019 Wafaransa wakachapisha utafiti wa ICU 35 na wagonjwa 657, na safari hii tofauti iliyoonekana haikutosha kuthibitisha kwamba daftari limepunguza dalili za kiwewe. Kwa hiyo usimwahidi mtu tiba. Mimi bado naandika, kwa sababu anayeuliza "wiki zile nilikuwa wapi?" anastahili jibu, na jibu hilo halimo kwenye faili.

Usilitumbukize daftari kwenye mfuko wa nguo siku anapohamishwa wodi. Wiki ya kwanza wengi hawana nguvu hata ya kushika kitabu, na wengine bado wanaweweseka. Panga lini atakabidhiwa na nani atakaa naye wakilisoma. Akisema hataki, usimsukume. Mwambie linahifadhiwa wapi na amwone nani akibadili mawazo. Akisoma na kuanza kutetemeka au kusimulia mateso yanayomrudia kila usiku, hiyo si kazi ya daftari tena, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Wagonjwa huhesabu tarehe. Zamu ikiwa ngumu, andika walau: "Alhamisi. Leo hatukupata muda wa kukuandikia, kulikuwa na wagonjwa wengi wapya. Ulilala mchana kutwa, homa imeshuka." Ukurasa mtupu ataujaza mwenyewe, na kwa kawaida haujazi kwa mema.

Mgonjwa akifariki, ndugu waulizwe kama wanalitaka. Lisome lote kwanza, kisha wape mkononi mkiwa mmekaa.