Andika maelezo ya kiraka kama unavyoandika msimbo

Vijana wanaotaka kuchangia kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, huniuliza kwanza wajue lugha ya C kiasi gani. C utaijua tu. Viraka vingi, yaani mabadiliko ya msimbo yanayotumwa kwa barua pepe, ninavyoona vikirudishwa vina msimbo mzuri. Kinachoviangusha ni maelezo.

Mtunzaji, yaani anayesimamia sehemu ya kerneli unayoigusa, hakujui, na siku hiyohiyo ana viraka vya wengine vya kusoma. Akikipokea chako, atabaki nacho miaka na miaka hata kama wewe umeshaacha. Ndiyo maana ujumbe unaoambatana na msimbo una uzito mkubwa. Ukiandika “nimerekebisha hitilafu”, hujamwambia kitu. Mwambie hivi: kompyuta ikiamka kutoka usingizini, kipanya cha USB hakifanyi kazi; sababu ni kwamba draiva (programu inayoendesha kifaa) hairejeshi mipangilio ya kifaa baada ya umeme kukatwa; kiraka hiki kinairejesha. Kama kosa lililetwa na badiliko fulani la zamani, ongeza mstari wa Fixes wenye herufi 12 za mwanzo za utambulisho wake pamoja na kichwa chake. Taja pia ulikojaribia. Mtunzaji mmoja aliwahi kuniuliza swali hilo tu, kifaa gani. Nikamtajia modeli, akakichukua kiraka.

Kiraka kimoja kibebe jambo moja. Ukiona mistari jirani haijapangwa vizuri, iache, au itengenezee kiraka chake. Nalisisitiza sana hili, maana anayesoma hawezi kuona badiliko lenye maana likiwa limezikwa kwenye nafasi na mabano.

Kabla ya kutuma, pitisha checkpatch.pl, hati inayokagua mtindo wa kiraka, kisha get_maintainer.pl ikuonyeshe wa kumtumia. Tumia git send-email, amri ya kutuma viraka kwa barua pepe, maandishi matupu bila HTML. Mstari wa Signed-off-by usiukose: tangu 2004 ndio unaothibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo.

Angalia na kalenda. Toleo jipya la kerneli likishatoka, hufuata wiki mbili ambazo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hupokea kazi za watunzaji, nao huwa wamezidiwa. Kiraka kisicho cha dharura kitume baada ya rc1, toleo la kwanza la majaribio linalofunga wiki hizo.

Majibu yanaweza kuwa makavu. Usiyachukulie kama matusi. Mtu aliyesoma msimbo wako mstari kwa mstari amekupa muda wake, na hilo ni jambo la kushukuru. Jibu kila hoja chini yake. Usipokubaliana, leta vipimo. Toleo la pili la kiraka liite v2, na uandike kilichobadilika chini ya alama ya vistari vitatu (---) inayofunga maelezo, ili kisiingie kwenye historia ya kudumu.

Kimya kikizidi, subiri angalau wiki moja ndipo ukumbushe. Neno RESEND (“natuma tena”) weka pale tu unapotuma kiraka kilekile bila kukigusa. Ukibadilisha hata mstari mmoja, hilo ni toleo jipya na lipewe namba yake.