Gemu za Kuchora: Ipime Brashi Kabla ya Kutoa Pesa

Gemu yoyote inayouzwa kwa jina la uchoraji iulizwe swali moja kwanza: brashi unayopewa ni mkono au ni ufunguo? Brashi iliyo mkono inakuacha uchore utakacho, na ulichochora unakikuta pale pale ukirudi kesho. Brashi iliyo ufunguo inataka alama fulani tu. Ukiipatia, njia inafunguka na wino unakauka. Zote mbili zaweza kuwa gemu nzuri, lakini lawama nyingi zinatoka kwa watu waliotaka mkono wakauziwa ufunguo.

Tuanze na Chicory: A Colorful Tale, iliyotoka Juni 2021 kwa kompyuta na PlayStation, na mwisho wa mwaka huo ikafika kwenye Nintendo Switch, kifaa cha gemu cha kushika mkononi au kuchomeka kwenye televisheni. Wewe ni mbwa mdogo, mfagizi wa mnara anakoishi msanii mkuu wa nchi. Rangi zote zinatoweka, brashi ya msanii unaikuta imeachwa, unaishika. Kuanzia hapo nchi nzima ni mistari myeusi juu ya weupe, kama kitabu cha watoto cha kupaka rangi, na unaruhusiwa kupaka popote: ardhi, miti, nyumba, hata watu. Mwanzoni unaulizwa chakula unachokipenda kuliko vyote, na jibu lako ndilo linakuwa jina la mbwa. Andika Rolex, yaani ile chapati ya kukunjia mayai, na hadi mwisho wa safari wanakijiji watakuita Rolex.

Lawama ya kwanza unayoisikia ni rangi. Kila eneo linakupa rangi nne, na ukivuka kwenda eneo jingine unapewa nne nyingine. Wanaotaka sanduku zima la rangi wanachukia. Sisi tunaona hapa walaumu wamekosea. Mtazame msusi wa mikeka: ukindu wake una rangi tatu au nne, na ustadi wote uko kwenye mpangilio. Rangi nne zinakulazimisha uamue. Njia inayofanya kazi ni hii: chagua rangi moja nzito iwe ya ardhi na maji, moja nyepesi iwe ya majani, ya tatu uiweke kwa nyumba na watu pekee, na ya nne uitumie kwa uchache, kwa kile unachotaka jicho lishike. Weupe uliobaki nao ni rangi, usiuzibe wote. Anayejaza kila pembe ya kila skrini huchoka mapema, kisha anaandika kwamba gemu inachosha.

Lawama ya pili ina haki yake, nayo ni pedi, kile kidhibiti cha kuchezea chenye vitufe na vijiti. Kwa pedi, mkono wa kushoto unamtembeza mbwa na kijiti cha kulia kinaisogeza brashi. Kijiti hakina mstari ulionyooka ndani yake. Duara linatoka kama kiazi. Kwa mausi mambo hubadilika kabisa: vidole vya kushoto viko kwenye vitufe vya kutembea, mkono wa kulia unachora kama kwa kalamu. Kibao cha kugusa cha laptopu usikitegemee, kwa sababu kubonyeza, kuburuta na kutembea kwa wakati mmoja hakuwezekani kwa vidole vya kawaida. Mausi ya waya ya bei ya chini inatosha. Kwenye Switch, ishike mkononi uchore kwa kidole juu ya kioo. Ukiichomeka kwenye televisheni unapoteza kugusa na unarudi kwenye kijiti.

Tofauti hiyo inaonekana zaidi kwenye mabosi, wale maadui wakubwa wa kupambana nao. Gemu inakwenda polepole kwa saa nzima, halafu ghafla unatakiwa kumkwepesha mbwa asipigwe huku brashi ikimpiga adui, yaani mikono miwili inafanya kazi mbili tofauti. Wenye pedi wanakufa mara nyingi, na ndio wanaoandika kwamba bosi hawaendani na gemu ya upole. Kabla hujakata tamaa, fungua mipangilio. Kuna mahali pa kuruka mapambano ya bosi kabisa, na hadithi inaendelea bila kukunyima kitu. Mipangilio hiyo hiyo inakuwezesha kuzima sauti ya majimaji ya brashi, inayowakera wengi wanaovaa spika za masikioni.

Mzazi aliyenunua kwa sababu ya mbwa mzuri na rangi nzuri ajue hili mapema. Chicory mwenyewe, sungura aliyekuwa ameshika brashi kabla yako, amejifungia chumbani na moyo umevunjika. Hadithi inaingia ndani ya huzuni nzito, kujidharau na hofu ya kutotosha, na haipiti juu juu. Isitoshe, maandishi ni mengi na hakuna Kiswahili wala Luganda. Mtoto asiyesoma Kiingereza vizuri ataona rangi tu, na hatajua kwa nini rafiki yake analia. Dawa nzuri ni kukaa naye: mchezaji wa pili anaweza kupewa brashi yake kwenye skrini ile ile. Mtoto apake rangi, mkubwa asome na atembee.

Lawama yetu wenyewe ni nyingine, na inatuuma zaidi kwa sababu gemu hii tunaipenda. Chora mti kwa uangalifu dakika ishirini au uukoroge kwa sekunde mbili, gemu haitofautishi. Kisha yanakuja mafumbo: mmea huu unakua ukipakwa, ule unanywea, ukifuta unarudi ulivyokuwa, na baadaye brashi inakuwezesha kuogelea ndani ya rangi yako na kuangaza mapangoni. Ni mafumbo mazuri, lakini hapo mkono unageuka ufunguo. Mchezaji anaanza kupaka kinachofungua njia peke yake na kuacha vingine vyote vikiwa vyeupe. Yanayosaidia ni kutenganisha kazi hizo mbili. Pita na mafumbo kwanza ukiwa na brashi chafu, bila kujali sura. Njia ikishafunguka, futa yote, halafu rudi upake kwa raha. Ukipotea, tafuta kibanda cha simu uwapigie wazazi wa mbwa: mama anakupa dokezo la wapi pa kwenda, baba anakueleza hatua kwa hatua.

Okami ni ufunguo tangu mwanzo, wala haifichi. Ilitoka Japani mwaka 2006 kwenye PlayStation 2, na toleo la picha kali la kompyuta likaja 2017. Unakuwa mungu wa jua katika umbo la mbwa mwitu mweupe. Ukiita brashi, dunia inasimama na kugeuka karatasi, unachora alama, dunia inaitikia. Duara angani linaleta jua. Duara kuuzunguka mti uliokufa linauchanusha. Mstari ulionyooka unakata. Duara lenye mstari unaolikatiza ni bomu, na hapo ndipo watu wengi wanapokwama: wanataka kuchanusha mti, mwisho wa duara unapitiliza mwanzo wake, mkia unatokeza, gemu inasoma bomu. Chora duara kubwa kuliko unavyodhani linahitajika, kwa mwendo mmoja usiokatika, na uachie kitufe pale pale mistari inapokutana. Wino nao una kipimo. Ukichora ovyo katikati ya vita, vidumu vya wino vinakauka na unabaki na meno. Kosa lake kubwa ni maneno: hadithi ya mwanzo ni ndefu, wahusika wanabwabwaja badala ya kusema, na mwenzako mdogo anayekaa kichwani hamalizi kukueleza jambo ambalo umekwishaliona.

Concrete Genie, ya PlayStation 4, 2019, inapendeza macho na kuvunja moyo kidogo. Kijana Ash anachora kwenye kuta za mji uliokufa, lakini picha zenyewe zimekwisha kuchorwa. Unaziokota, unachagua, unazitandaza ukutani kwa kuuyumbisha mkono wenye pedi. Halafu sehemu ya mwisho inageuka kuwa gemu ya kupigana. Ni fupi. Isubiri ishuke bei.

Kuhusu kununua ukiwa Uganda: Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inauza kwa dola, kwa hiyo unahitaji kadi inayokubali malipo ya mtandaoni ya nje, na benki itaongeza makato yake ya kubadilisha fedha. Tazama ukubwa wa faili kwenye ukurasa wa duka kabla ya kununua bando. Chicory ni nyepesi na laptopu ya kawaida inaibeba, Okami ni nzito zaidi kwa mbali. Ukishapakua, ifungue mara moja ukiwa na intaneti ndipo uiweke Steam kwenye hali ya bila mtandao, la sivyo siku bando likiisha gemu inaweza kukataa kufunguka. Kwenye kompyuta ya mezani weka UPS (betri ya akiba) hata ndogo, kwa sababu umeme ukikatika au uniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zikiisha gemu ikiwa inahifadhi, faili inaweza kuharibika na michoro yako ikaenda nayo.

Steam inarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujazidisha saa 2 za kucheza. Saa hizo zinahesabiwa hata gemu ikiwa imesimama huku wewe uko nje unanunua chapati, kwa hiyo ifunge kabisa ukiondoka. Kwa Chicory, tumia nusu saa ya kwanza kwa pedi na nusu saa ya pili kwa mausi, kisha rudi kwenye skrini ya kwanza kabisa uliyopaka. Ukijikuta unataka kurekebisha rangi ya paa au kuongeza ua mahali fulani, baki nayo. Ukiwa unatafuta tu njia ya kutokea, omba pesa zako dakika ya 110 haijafika.